Ukikata Kona, Haivuti?

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika kwa kalamu nene, usiniulize kwa nini. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu unaikata kila nikitaja hospitali. Barua huwezi kuikata, labda uichane.

Huku sote wazima isipokuwa gari. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, ana paji la uso kama lako, na tumeshampa pole. Mama mdogo alikaa kwetu wiki nzima, akala, akalala, akasema watu, akaondoka. Anakusalimu ingawa mnaishi mji mmoja.

Gari la marehemu mama limekufa giaboksi. Lilianza kwa kukataa kurudi nyuma. Wiki mbili nikawa naegesha kwenye miteremko tu, ili lirudi nyuma kwa uzito wake lenyewe. Jumanne nikiwa nusu ya mlima na kasha la chanjo, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na gari likabaki pale pale, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa ndani. Wafugaji wanne walinisukuma hadi kwenye tambarare huku ng'ombe wao wakitutazama. Chanjo zote ziliharibika kwa joto.

Sasa la pili, ambalo ndilo la kwanza. Mama mdogo ametuambia ulisalimia koti lililotundikwa mlangoni kwake, ukaliuliza habari za watoto. Tulicheka sana, halafu tukaona si kichekesho. Anasema pia kwamba daktari wa huko alikupima akakuta presha ya macho, na wewe ukamwambia hana adabu. Mjomba, mimi ni daktari wa ng'ombe, lakini kusoma najua. Presha ya jicho inachokula hakirudi. Kinachookolewa ni kile kilichobaki.

Hospitali kubwa ya macho iko ng'ambo ya barabara kutoka kliniki yangu. Naiona hata nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe. Foleni yao ni ndefu, lakini nimekuandikisha tarehe 12 Mei. Nitafutie giaboksi, uilete mwenyewe, tuifunge pamoja, kisha tuvuke barabara. Naogopa. Sijui niliseme vipi kwa namna nyingine.

Mpwa wako

28 Januari

Kwa Daktari wa Ng'ombe,

Marahaba. Kalamu yako nene imenitukana, lakini nimekusamehe kwa sababu ya mtoto mwenye paji la uso zuri.

Koti lilikuwa limevaa kofia. Hilo mama yako mdogo hakulisema.

Tuje kwenye kazi. Usiliwashe tena gari hilo hata kwa kulijaribu. Ukilazimisha utaua na kilichobaki. Na usimruhusu fundi yeyote akuletee giaboksi kwa kusema "hizi zote ni sawa". Si sawa. Gari lako linavuta magurudumu yote manne. Giaboksi iko mbele, difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, iko nyuma, na katikati kuna shafti inayoziunganisha. Zilipotengenezwa zilihesabiwa meno pamoja. Ukifunga giaboksi yenye hesabu nyingine, magurudumu ya mbele yatataka mwendo wake na ya nyuma mwendo wake, na shafti itakamuliwa kama nguo. Kwenye matope hutajua. Kwenye lami kavu, ukikata kona kali, gari litavuta na kuruka, na ukiendelea nalo utazika giaboksi ya pili.

Kwa hiyo nataka namba. Imechongwa juu ya giaboksi, pale inapokutana na injini. Isafishe, uisome, uniandikie.

Hapa gereji tuna sheria moja tu. Anayesoma namba ya kipuri anaandika jina lake kwa chaki kwenye chuma chenyewe. Akikosea, jina linahamia ukutani, juu ya meza ya vaisi ya kubania vyuma, kwa rangi ya mafuta, na halifutwi. Fundi wa breki yumo mara tatu. Mwenye gereji mwenyewe yumo mara mbili. Sikio hayumo hata mara moja, miaka thelathini na nane. Sikio ni mimi, kama umesahau. Walinibandika jina hilo kwa kutambua ugonjwa wa gari kabla halijaingia getini.

Mengine uliyoandika nimeyaona.

Mjomba

15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umeyaona lakini hukuyajibu.

Mtoto mwenye paji la uso analia usiku na mchana na kaka amekonda. Mimi nazunguka kwa pikipiki ya kukodi, kasha la chanjo nimelipakata mapajani, na nafika nusu ya vijiji. Kukaa siwezi. Nikikaa nafikiria mambo mawili, gari na wewe, na yote mawili yananiinua kwenye kiti.

Nimepata fundi wa kunisaidia kufunga. Anaitwa Taratibu, na hakujipa jina hilo mwenyewe. Anaangalia boliti kana kwamba anataka kuiposa. Lakini hakosei. Nililala chini ya boneti na mswaki na mafuta ya taa mpaka namba ikatoka. Mimi nimeisoma mara tatu, Taratibu ameisoma mara moja, na mara yake moja ilichukua muda kuliko zangu tatu.

Nimekuandikia namba kwenye kipande cha katoni, tarakimu kubwa kama za mlangoni. Angalia sana ile ya nne. Ni NANE. Taratibu anasema kuna giaboksi pacha yake, umbo lile lile, mabano yale yale, ila tarakimu ya nne ni tatu, na hiyo hesabu yake haiendi na difu yangu.

Tarehe 12 Mei bado ipo. Nilivuka jana kuwauliza. Nesi anayeshika daftari ana paka mwenye upele, kwa hiyo tunaelewana.

Njoo na giaboksi, Mjomba. Usiitume. Njoo nayo.

Mpwa wako

10 Machi

Daktari,

Marahaba. Salamu kwa kaka yako na kwa mtoto. Akiendelea kulia mwambieni nitakuja kumsomea namba.

Giaboksi imepatikana. Nilizunguka wauza vipuri watano. Wa tano alikuwa na rundo kama kichuguu, na humo nikaipata. Nimeisoma mwenyewe, mchana kweupe, na jina langu liko juu yake kwa chaki. Nimeizungusha kwa mkono, nimeisikiliza, ndani haina malalamiko. Dereva wa lori la saruji atakushushia.

Mimi siji. Kazi zimebanana hapa, mwenye gereji amesafiri, na fundi wa breki akiachwa peke yake atatuandika ukuta mzima.

Sikiliza namna ya kuifunga. Lile bakuli la mbele, konveta, lazima likae mpaka mwisho kabla hujaisogeza giaboksi kwenye injini. Lisukume huku ukilizungusha. Litaingia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengi huishia mara ya pili, wanakaza boliti, wanavunja pampu ya mafuta, halafu wanasema walirogwa. Usikaze boliti ili kuivuta giaboksi. Ije yenyewe mpaka igusane, ndipo ukaze. Mafuta mapya, na yapimwe injini ikiwa inaunguruma, si imezimwa. Tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu mmoja.

Taratibu namkubali bila kumwona. Fundi mwenye haraka ni mteja wangu.

Mjomba

4 Aprili

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Limerudi nyuma! Samahani, shikamoo. Limerudi nyuma!

Tumefunga siku mbili. Konveta iliingia mara ya kwanza, ya pili, na Taratibu akataka kuridhika, nikamwambia mjomba wangu amesema tatu. Tukasukuma tukizungusha mpaka ikalia kwa ndani, mara ya tatu. Taratibu alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kutoka kwa binadamu, ni ng'ombe tu hunitazama hivyo.

Mafuta, waya, shafti, nati za mwisho. Nikawasha. Nikaweka gia ya nyuma na gari likarudi lenyewe, taratibu, mpaka karibu na ukuta wa kliniki. Nililia kidogo, halafu nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda, nikarudi, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Chaki yako bado iko juu ya chuma, "SIKIO", sikuifuta. Mungu akuwekee mikono hiyo na macho hayo.

Kesho naanza kuzunguka mjini, wiki ijayo milimani. Njoo basi tarehe 12 Mei ulione kwa raha.

Mpwa wako mwenye gari

22 Aprili

Kwa mpwa wangu mwenye gari,

Marahaba mara mia. Barua yako nimeisoma gereji wakati wa chai, nimesimama juu ya tairi, mbele ya watu wote. Nilipofika "mikono hiyo na macho hayo" nikarudia.

Sasa umesema mwenyewe. Yale macho mliyoyazika wewe na mama yako mdogo ndiyo yaliyosoma namba iliyofunikwa na kutu na grisi, kwenye rundo la chuma, na gari linatembea. Kwa hiyo ile habari ya tarehe 12 Mei tuifunge. Nimempigia nesi wa paka nikamwambia ampe nafasi yangu mgonjwa. Karatasi ya yule daktari wa huku nimefutia kijiti cha kupimia mafuta. Kila mtu mwenye umri wangu huona ukungu asubuhi.

Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nakwambia wewe kwa sababu hapa nikisema watanicheka: tangu mwaka jana nilikuwa na wasiwasi na kazi yangu. Umeniondolea.

Swali moja la kifundi. Kwenye lami kavu, ukikata kona, haivuti?

Mjomba

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa.

Huku mvua imekolea. Mtoto ameanza kukaza shingo. Kaka amebadilisha kazi, sasa anasimamia ghala la mbolea na ananuka hivyo. Nesi yule, paka wake amepona na ameniletea kitambaa cha meza. Kliniki tumepata ndama mwenye miguu mitano, watu wanakuja kumtazama, mimi nawaambia wanunue tiketi. Mama mdogo amepiga simu, anasema siku hizi unaimba barabarani.

Gari linatembea. Mjini nakwenda nalo kila siku. Milimani bado, kwa sababu ya matope.

Kuhusu kesho tarehe 12, kama ungebadili mawazo, nesi anasema wanaweza kukupokea hata baadaye kidogo. Fikiria tu. Sikulazimishi.

Nakuombea afya.

Mpwa wako

26 Mei

Daktari,

Marahaba.

Tangu lini gari linalovuta magurudumu yote manne likaogopa matope? Mama yako alilinunua kwa ajili ya matope.

Na tangu lini wewe hunilazimishi?

Nilikuuliza swali moja. Ukikata kona, haivuti?

Mjomba

8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Inavuta.

Ilianza wiki ya pili. Nilikuwa naingia kwenye uwanja wa kliniki, lami kavu, nimekata usukani hadi mwisho, gari likaruka na tairi zikalia. Nikadhani nimekanyaga kitu. Nikarudia, likaruka tena. Kila kitu ulichokiandika tarehe 28 Januari, ndicho kile kile. Nilijua pale pale, nikakaa kwenye usukani nikijidanganya kwamba ni tairi.

Taratibu alilinyanyua kwa jeki, magurudumu yote hewani. Akaweka alama, akazungusha, akahesabu. Mbele na nyuma havilingani. Kisha akapanda juu ya injini na brashi ya waya akasugua pale penye namba, ambayo hatukuisoma tulipofunga kwa kuiamini chaki yako. Tarakimu ya nne ni tatu. Ni ile pacha. Jina lako lilikuwa hapo hapo juu ya ile tatu. Taratibu akaniuliza, "Huyu Sikio ndiye mjomba wako?" Nikasema ndiye. Akashuka, akafuta mikono. Alichomeka fyuzi inayoachisha magurudumu ya nyuma ili lisijiumize. Tangu hapo linavuta mbele tu. Ndiyo maana siendi milimani. Matope ya wiki ya kwanza tu yangenizamisha.

Hiyo ilikuwa tarehe 16 Aprili. Barua yako ya kusimama juu ya tairi ilifika wiki mbili baadaye. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia ukweli, nikaikunja barua yangu. Ulisema nimekuondolea wasiwasi. Nilifikiria ule ukuta. Nilifikiria miaka thelathini na nane. Nikasema nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema nyingine. Nilikuambia habari za ndama. Kwa huo muda wote nilikuwa nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikijua kwamba kila siku ninayokuheshimu inakula jicho lako.

Si mikono yako iliyokosea, na si akili. Mjomba, hukuiona ile namba. Nenda kwa daktari, hata huyo asiye na adabu, hata leo. Unitukane ukiwa njiani.

Mpwa wako

14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki tano. Dereva wa lori la saruji anaapa kwamba alikukabidhi barua mkononi.

Mama mdogo anasema huendi gereji. Anasema ukifika kwake unakaa karibu na dirisha na huongei. Nimepiga simu mara nyingi, hata sina haja ya kutaja hospitali, unakata kabla.

Nikueleze la gari kwa sababu najua utataka kulijua hata ukiwa na hasira. Giaboksi yako hatukuitoa. Ni nzima, kama ulivyoisikia. Taratibu alitafuta difu ya nyuma yenye hesabu inayolingana nayo, tukabadilisha difu badala ya giaboksi. Alizungusha tena magurudumu yote manne hewani, akahesabu mara mbili, sawasawa. Fyuzi imetoka. Jana nimepanda mlima wote hadi kijiji cha mwisho, na kona zote za lami nimekata hadi mwisho. Haivuti. Nimeacha jina lako juu ya chuma.

Nilikuwa muoga, nikajiita mpole. Nijibu hata kwa tusi moja.

Mpwa wako

19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako sasa ananisomea fundi wa breki, kwa hiyo usiandike matusi. Au yaandike, anayapenda. Hii naiandika mwenyewe.

Kubadilisha difu ilikuwa akili. Mwambie Taratibu nimesema hivyo.

Sikiliza. Siku ile nilisimama mbele ya rundo, jua la saa sita, na niliona chuma lakini sikuona namba. Katoni yako nilikuwa nayo mfukoni. Muuza vipuri alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, macho yake mazima. Maneno yalikuwa mawili tu, "hebu nisomee", na yalikataa kutoka. Nikalowesha kidole mafuta ya taa, nikasoma kwa kidole. Tatu na nane, chini ya kutu, kidole hakijui tofauti. Nilijua hakijui. Nikachukua chaki nikaandika jina. Kwa hiyo usiseme sikukosea. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea nikiwa najua.

Jina langu liko ukutani. Nimelichora mwenyewe, kubwa. Mwenye gereji alitaka kulifuta, nikamwambia akiligusa nitamvunja mkono.

Kwa daktari nilikwenda tarehe 2 Agosti. Jicho la kushoto limekwenda. Naona mwanga na giza, basi. Nilimuuliza, ningekuja Mei ingekuwaje. Nikamkazania. Akasema Mei kulikuwa na kitu cha kuokoa. La kulia bado linaona kwa katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na lazima lipasuliwe upesi kwenye hospitali hiyo ya kwenu. Wameniandikia tarehe 8 Septemba.

Ulijua Aprili, ukaniambia Juni. Nami nikaongeza Juni na Julai yangu, nimekaa dirishani nimenuna. Mimi nilijificha na wewe ukanisaidia kujificha. Nimekulaumu wiki nzima, nimelia pia, na nimemaliza. Nakuomba jambo moja tu. Kuanzia leo, ukiniona nimekosea, uniambie siku hiyo hiyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na sasa la mama yako, ambalo nilipaswa kukwambia zamani, nikawa nasema bado. Yeye naye

Mjomba wako

27 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika saa nne asubuhi, naandika saa sita, na dereva wa lori ananisubiri getini anapiga honi. Fundi wa breki, tafadhali msomee polepole, na usiruke kitu.

Lawama nimeipokea. Umesema umemaliza, mimi sijamaliza, ila hilo ni langu, sitakubebesha. Mei siisahau. Tangu saa nne nimeshatoka na kuingia humu ndani sijui mara ngapi, na ndama ananishangaa.

Tarehe 8 hutakuja kwa basi. Nakuja kukuchukua. Nimebadilisha mafuta, nimepima tairi zote nne, na mwenzangu atanishikia kliniki. Jumamosi alfajiri naondoka, mchana niko mlangoni kwako. Mama mdogo anakuja nasi, nimejaribu kumzuia nimeshindwa. Utalala chumba cha mbele. Nesi ameshaweka jina lako juu kabisa ya daftari.

Umesema nikikuona umekosea nikwambie siku hiyo hiyo. Basi nakwambia. Barua yako inasomeka mpaka "Yeye naye". Baada ya hapo mistari minne imeandikwa juu ya mstari mmoja. Wino juu ya wino, Mjomba. Nimeipeleka dirishani, nimeiweka chini ya taa ya kupasulia, nimemwita Taratibu, na Taratibu huwa hashindwi. Tumeokota maneno matatu tu. La kwanza ni "macho". La pili ni "ukoo". La tatu ni "wewe".

Usiiandike tena. Nakuja kuisikia.

Mpwa wako